Difu Aliyomchagulia Bintiye

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko mbali nawe, isogeze. Kama uko uvunguni mwa gari unafungua boliti, toka kwanza, nawa mikono, kaa. Leo tunamkumbuka fundi mmoja wa magari aliyeitwa Taratibu. Hata kama hujui difu ni kitu gani, usiende mbali. Tutakuelekeza polepole, na habari yenyewe ni ya baba na bintiye.

Jina la Taratibu hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja. Ukimwuliza gari langu litatoka lini, taratibu. Ukimwuliza mbona hujala, taratibu. Jina likamganda, mpaka mkewe naye akawa analitumia akimkasirikia.

Na alikuwa mwoga. Tunalisema mapema kwa sababu familia imetuomba tuliseme. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa radi. Akiendesha gari lake la mizigo, waendesha baiskeli walimpita huku wakimpungia mkono. "Mume wangu alikuwa anaogopa mpaka sindano zangu," anasema Mama Cheche, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko chumba cha pili kutoka gereji. "Nikiacha moja juu ya kiti, ataitafuta nyumba nzima asije akaikalia mtu."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa binti wa kucheza drifti. Mtoto pekee. Drifti, kwa asiyejua, ni mchezo wa kusereresha gari kwa makusudi: kiuno cha gari kinatupwa pembeni, matairi yanafuka moshi, na dereva anatazama dirisha la ubavuni kuona anakokwenda. Huyo binti uwanjani wanamwita Cheche. Nyumbani baba yake alimwita mama.

Gari la Cheche alilijenga baba. Bati kwa bati, boliti kwa boliti. Lakini Cheche alipokuwa uwanjani analisereresha, baba alisimama nyuma ya ukuta wa matairi, macho ameyafumba, anasikiliza. Alijua kwa sauti kama mambo ni mazuri. Watu walimcheka. Naye alicheka nao, macho bado yamefumbwa.

Sasa twende kwenye difu. Nyuma ya gari, katikati ya magurudumu mawili, kuna difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yapishane mwendo. Kwa anayekwenda sokoni hicho ni kitu kizuri. Kwa mcheza drifti ni balaa, maana nguvu zote hukimbilia gurudumu moja na gari haliserereki. Yeye anataka magurudumu yote mawili yazunguke pamoja.

Kuna njia mbili za kulipata hilo. Unaweza kuifungua difu ukazichomelea gia zake za ndani, zikawa donge moja. Hapo magurudumu yamefungwa pamoja siku zote, kwenye kona na kwenye njia iliyonyooka, kwenye mvua na kwenye jua. Au unaweka difu ya klachi. Hiyo ndani yake ina sahani nyembamba ambazo hubanana ukikanyaga mafuta na hulegezana kidogo ukiachia. Ya kuchomelea ni rahisi, na haibadiliki tabia. Ya klachi ni ya upole, lakini sahani zake huchakaa.

Gari la Cheche lilikuwa na difu ya kuchomelea. Aliyeichomelea ni baba yake mdogo, mdogo wake Taratibu, ambaye kazi yake ni mageti na madirisha. Aliichomelea kwa mkono wake na kuisifia kwa mdomo wake. "Hiyo hata tembo akikalia, haiachii," alikuwa akiwaambia watu.

Basi siku moja kwenye uwanja wa zamani wa malori, manyunyu yakaanza. Cheche hakuwa anasereresha. Alikuwa anajivuta tu kwenda kwenye foleni, mwendo wa mtu anayetafuta mahali pa kuegesha. Akakata kona. Magurudumu ya nyuma, yamefungwa pamoja, yakakataa kona, gari likasukumwa mbele moja kwa moja, kisha ghafla kiuno kikaachia, na likaenda kujipigiza kwenye ukuta wa matairi, mahali palepale baba alipozoea kusimama. Bahati nzuri siku hiyo alikuwa amekwenda kununua maji.

Cheche alitoka anacheka. Baba yake hakuonekana. Walimkuta nyuma ya kontena, chupa za maji ziko miguuni, anatapika.

"Sikuumia hata kidogo, baba," Cheche alimwambia.

"Najua. Nipe dakika, mama. Tumbo halijajua."

Kesho yake akaifungua ile difu. Akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaileta mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Kwenye donge la kuchomelea palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Hakumwita mdogo wake. Hakumwita mtu. Cheche alipoingia alimkuta ameketi juu ya ndoo, mikono inatetemeka, na anatuambia kwamba mikono ile ndiyo iliyomtisha kuliko ufa wenyewe. Hajawahi kuiona ikitetemeka ikiwa na spana.

Wakabishana. Na wasikilizaji, hawakubishana kama mtu na mtoto wake, walibishana kama mafundi wawili. Cheche alisema difu ya kuchomelea haina siri. Ukikanyaga leo inafanya hivi, ukikanyaga kesho inafanya vilevile. Ufa unachomelewa upya, safari hii chuma kipashwe moto kwanza, yaishe. Ya klachi ikipata joto inabadilika, oili ikichoka inabadilika, na hiyo ya klachi ambayo baba alishaipata ilikuwa imeshatumika kwenye gari la mtu mwingine. Baba alisema donge likivunjika vipande katikati ya mwendo, difu inaweza kukaba magurudumu yasizunguke, na difu ikikaba gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Baba mdogo naye alikuwepo, amenuna. "Kwa hiyo kazi yangu ni ya mageti tu, kaka?"

"Geti likivunjika, linaanguka," Taratibu alimjibu. "Humo ndani ya gari kuna mtu."

Mama Cheche ndiye aliyeukata ule ubishi. Alitokea mlangoni na futi ya kupimia imening'inia shingoni. Akauliza swali moja. "Mimi hayo madude yenu siyajui. Ipi itamrudisha huyu nyumbani?"

Taratibu akasema, ya klachi. Wakaifunga ya klachi. Huo ndio ulikuwa uamuzi, na ulifanywa na watu wanne waliokuwa wakiogopa kitu kimoja, kwamba gari lile siku moja litamuua Cheche.

Ilimchukua Cheche muda kuizoea. Mwanzoni alilalamika kwamba gari limekuwa na adabu kupita kiasi. Kisha akaanza kulipenda. Kona za mwendo mdogo likawa linakata kama gari la kawaida, na akikanyaga, magurudumu yanabanana na moshi unatoka. Siku moja aligeuka akamwona baba yake nyuma ya ukuta wa matairi, macho yake wazi. Amefungua macho. Cheche anasema alipunguza mwendo makusudi ili amwone vizuri.

Wasikilizaji, sasa tunafika mahali pagumu. Tunaomba mvumilie.

Gari la drifti lina breki ya mkono ya namna yake. Unaivuta, inakamata, ukiiachia inarudi. Haina meno ya kushikilia. Kwa hiyo likiegeshwa linashikiliwa na gia. Na kwenye gereji ya Taratibu, kwa miaka yote ya ile difu ya kuchomelea, walikuwa na mazoea yao. Gia ya kwanza, jeki, kazi. Kama ni gurudumu moja la nyuma linaloinuliwa kwa kazi ndogo, hawakuhangaika na kabari ya kuzuia gurudumu wala stendi ya kuegemeza gari. Kwa nini wahangaike? Magurudumu mawili yalikuwa donge moja. Moja likiwa hewani, la pili lililo chini halikuweza kuzunguka peke yake. Gia ilikuwa imelishika.

Difu ya klachi haiko hivyo. Sahani zikiwa zimechakaa, gurudumu lililo hewani linaweza kugeuka nyuma, na lililo chini likaenda mbele. Gia inabaki imeshika, lakini hailishiki gari. Taratibu alilijua hilo. Hata ungemwamsha usingizini, angekueleza. Mikono yake ndiyo iliyokuwa bado inaishi na difu ya zamani.

Mchana huo Cheche alirudi kutoka mazoezini. Ndani ya gurudumu moja la nyuma kulikuwa na matone ya grisi. Baba akasema ngoja achungulie, kazi ya mara moja. Sakafu ya gereji ile ina mteremko mdogo kuelekea mlangoni, ili maji yatoke.

"Umeweka gia, mama?"

"Nimeweka."

Akapiga jeki. Akavua gurudumu. Akajilaza, akaingiza kichwa na mabega, akaanza kuvuta ule mpira unaofunika ekseli.

Cheche alikuwa bombani ananawa. Alinyanyua macho na kuona gari linatembea. Halina mtu ndani, halina mlio wowote, linatembea taratibu kama linaloongozwa na mtu asiyeonekana. Lilitembea kiasi cha mkono kuanzia kiwiko hadi vidole. Kisha jeki ikalala.

Hatutaeleza zaidi. Majirani walikuja, wakalinyanyua gari kwa mikono. Baba mdogo aliruka ndani, akakamata gia, akalegeza, wakalisukuma pembeni. Na hapo, wasikilizaji, ndipo lilipoanza jambo jingine la kutisha. Baada ya gia ile kuguswa, hakuna aliyeweza kusema tena ilikuwa imewekwa au haikuwekwa. Baba mdogo aliulizwa. "Nilishika tu nikasukuma," alisema. "Hata mkono wangu wenyewe siukumbuki."

Maneno hayachelewi. Kwenye benchi za hospitali, kabla hata daktari hajatoka, watu walishapata jibu. Binti alisahau gia. Hawakulisema kwa ubaya. Walilisema kwa huruma, wakimpapasa mgongo, masikini, bado ni mtoto. Na Cheche akaanza kuutafuta ule mkono wake kichwani. Aliweka gia? Alisema nimeweka. Lakini mangapi mtu huyasema kwa mazoea tu? Alijaribu kuikumbuka ile lever ya gia chini ya kiganja chake na hakuikumbuka. Alikumbuka maji ya bomba, na sabuni. Akashindwa kukaa, akashindwa kusimama.

Taratibu aliishi mpaka siku ya pili. Alizungumza kidogo. Cheche aliruhusiwa kuingia, na baba akamwashiria asogee.

"Gia uliweka," alimwambia. "Niliiona kabla sijalala chini. Ni difu, mama. Lililo juu liligeuka nyuma. Nimelivuta mimi."

"Sawa, baba."

"Husemi sawa kama umesikia. Unasema sawa kama unaninyamazisha."

Hayo ndiyo aliyomwachia. Alifariki siku hiyo ya pili, mkewe amemshika mkono.

Sasa labda unasema, basi, si ameshasafishwa? Baba mwenyewe amesema. Lakini Cheche anamjua baba yake. Alipokuwa mdogo alivunja kioo cha kabati, na baba akamwambia mama kwamba ni yeye aliyekigonga na kiwiko. Alipounguza kitambaa cha mteja kwa pasi, baba alisema ni yeye aliyeshika pasi, ananyoosha shati lake. Maisha yake yote makosa ya Cheche yalibebwa na baba. Kwa nini hili nalo asilibebe, tena ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo la mwisho?

Wakati wote wa msiba hakulia. Watu waliona ajabu. Alikaa kwenye mkeka anatazama kiganja chake. Mama Cheche anasema ndipo alipoogopa kuliko siku ile yenyewe. "Mume nimeshamzika," anasema. "Nikawa namwona mtoto naye anaondoka, na amekaa pembeni yangu."

Watu walipotawanyika, Cheche alimwambia mama yake anataka kulijaribu lile gari. Vilevile. Mahali palepale.

Baba mdogo alikataa katakata. Alisema ni kumsumbua marehemu, alisema gari litapelekwa likakatwe vyuma, alisema mengi. Mama Cheche akamsikiliza mpaka akamaliza. "Shemeji," akamwambia, "huyu akiishi na hili swali, hataishi."

Wakafunga geti. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, na walikuwa watatu tu. Baba mdogo alipanga matairi uvunguni mwa gari ili lisiweze kushuka, akaweka jiwe kubwa mbele ya gurudumu, na jingine mbele zaidi ili gari likitembea lisifike mbali. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chini. Cheche akaingia ndani, akaweka gia ya kwanza.

"Mama, njoo ushike. Usiangalie tu, shika."

Mama akaishika lever. Akaitikisa. Imeshika. Cheche akatoka, akapiga jeki upande uleule, akavua gurudumu. Nati ikamponyoka, akaiokota. Akasema kwa sauti, ili asije akajidanganya baadaye, kwamba gari likisimama, basi yeye ndiye. Likisimama likiwa na gia, na siku ile lilitembea, maana yake siku ile hapakuwa na gia.

Baba mdogo akaliondoa jiwe la kwanza.

Gari likasimama.

Wasikilizaji, lilisimama. Halikusogea hata kidogo.  Baba mdogo aliogopa kumtazama mtoto wa kaka yake. Cheche alikuwa ameegemea ukuta. "Nimejua," alisema. "Nimejua."

Mama Cheche ndiye aliyesogea. Yeye asiyejua madude. Aliuliza, baba yako alikuwa anafanya nini humo?  Akauliza tena. Baba mdogo akasema alikuwa anavuta ule mpira wa ekseli.

"Na sasa nani anavuta?"

Akapiga magoti, akabaki nje kabisa, akanyoosha mkono na kuushika ule mwisho wa ekseli palipovuliwa gurudumu. Akauvuta, anasema, kama anavyovuta kitambaa kilichonasa kwenye cherehani. Siyo kwa nguvu.

Zile sahani zikaachia. Ule mwisho wa ekseli ukageuka nyuma mkononi mwake, na gari likatembea. Taratibu, bila mlio, gia ya kwanza ikiwa imewekwa, likaenda mpaka likagota kwenye jiwe la pili. Jeki ikalala ubavu. Matairi yakalipokea gari.

Baba mdogo alikimbilia dirishani kutazama lever. Ilikuwa palepale.

Cheche akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Akalia kwa mara ya kwanza. Mama yake akakaa pembeni yake na gauni lake la kazi, kwenye ile sakafu yenye mafuta, na hakumwambia nyamaza.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulioko hapa studioni, tunampa pole Mama Cheche. Tunampa pole baba mdogo, ambaye tangu siku hiyo ameacha mageti kwa muda na anatengeneza kabari za chuma, anazipitisha gereji moja baada ya nyingine na haondoki mpaka aone zimewekwa chini ya gurudumu. Na tunampa pole Cheche, ambaye alikubali tuisimulie habari hii yote, hata ile sehemu ya jiwe la kwanza. Tulimwuliza kama ataendesha tena, na kwa difu ipi. Alisema hajui. Alisema bado anaogopa, na kwamba haoni aibu kuogopa, kwa sababu amelelewa na mtu aliyeogopa.

Mafundi mnaotusikiliza, mmeshasikia. Ukibadilisha kitu kwenye gari, keti ujiulize mikono yako imezoea nini. Weka kabari. Weka stendi. Hata kwa kazi ya mara moja.

Na ninyi wengine msio na gari, tuwaombe jambo moja. Huenda nyumbani kwenu, chumba cha pili hapo, kuna mtu anayejilaumu kwa kosa ambalo si lake. Anakula, anajibu salamu, na anatazama kiganja chake. Kama unajua ukweli wake, zima redio umwendee sasa hivi, umwambie. Na asipokuamini, usimwambie mara ya pili. Mwoneshe.